Peugeot e-208 ya kukodi huku Uingereza: muda wa kuchaji ukoje hasa

Gari lenyewe ni Peugeot e-208, kigari cha milango mitano chenye betri ya kWh 50, rangi ya kijivu isiyo na mbwembwe. Nimelikodi kwa mkataba wa miezi 36 hapa Leicester: maili 8,000 kwa mwaka, malipo ya mwanzo sawa na miezi sita, kisha pauni mia mbili na ushee kila mwezi. Sasa niko mwaka wa tatu, kwa hiyo baridi na joto nimeshapita nalo, na maneno yote ya dalali wa siku ya kusaini nimeshayapima barabarani. Nimeridhika nalo. Ila kama ningekuwa naishi ghorofa ya nne bila pa kuegesha, andiko hili lingekuwa la mtu mwenye hasira.

Nianze na kuchaji, maana ndiko maswali yote yanakotoka. Mama yangu, yuko Tanga, aliposikia nimechukua gari la umeme aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa likikuzimikia njiani, mwanangu, huo umeme utaubeba kwenye dumu?" Nilicheka sana, lakini Mama hakukosea mahali pa kugusa. Dumu halipo. Inabidi ujue mapema umeme utaupata wapi na utakuchukua muda gani.

Wengi wanachanganya vitu viwili. Hiyo kWh ni yuniti ile ile unayonunua kwenye LUKU, wala si kitu kigeni. Betri ya kWh 50 ni yuniti 50, ingawa unazoweza kutumia ni kama 46. Zinazobaki gari linazifungia ili betri isichakae haraka. Kilowati peke yake ni kasi ya umeme kuingia. Chukua yuniti unazohitaji, gawanya kwa kilowati, unapata saa. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kazi ni kujua utumie kilowati zipi, kwa sababu kila muuzaji anakutajia zile kubwa.

Soketi ya ukutani ya huku ni ile ile ya pini tatu bapa tunayoijua Dar na Nairobi. Waya wa kuchajia wa soketi hiyo huvuta kama ampea 10 ili plagi isichemke, yaani kilowati 2.3. Ukigawanya 46 kwa 2.3 unapata saa 20, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, weka saa 22 au 23 toka tupu hadi kujaa. Ukiisoma namba hiyo kwenye kijitabu unaweza kughairi gari. Lakini nani anafika nyumbani kila siku na betri tupu? Safari yangu ya kazini, kwenda na kurudi, ni maili 18. Hizo ni yuniti tano au sita. Kwenye soketi ya kawaida ni kama saa mbili na nusu, na mimi nalala zaidi ya hapo. Miezi ya mwanzo niliishi kwa soketi tu nikimsubiri mwenye nyumba aridhie chaja ya ukutani, na sikuwahi kukosa kwenda kazini. Angalizo moja: usiunganishe kwa ekstensheni ya kuviringisha. Waya ukiwa umejikunja kwenye gurudumu lake na umeme unapita usiku kucha, unachemka, na moto wa namna hiyo huanza watu wamelala. Soketi nayo kama ni ya zamani, muite fundi umeme aitazame kwanza.

Chaja ya ukutani ni kilowati 7.4, yaani ampea 32. Hapo betri nzima inajaa ndani ya saa saba. Wapo watakaokuambia tafuta gari linalopokea kilowati 11 au 22 ili nyumbani uchaji haraka zaidi. Usilipie hilo kwa sababu ya nyumbani. Nyumba nyingi za Uingereza zina umeme wa fezi moja, yaani laini moja na si tatu kama viwandani, na kwa fezi moja hutapita hapo kwenye 7.4 hata gari liwe na uwezo gani. Kufunga kulinigharimu chini ya pauni elfu moja. Kulikuwa na ruzuku ya serikali ya hadi pauni 350 kwa wapangaji wenye maegesho yao, lakini lazima mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Kabla fundi hajaja, aliomba picha za mita na za fyuzi kuu, ile iliyo kwenye kisanduku kabla ya mita, ili ajue nyumba inaweza kubeba jiko, maji moto ya bafuni na gari kwa wakati mmoja. Nilitumia muda mrefu zaidi kuhamisha mifagio na mabegi ya safari chini ya ngazi ili nipige hizo picha kuliko yeye kufunga chaja.

Utamu uko kwenye bei ya usiku. Kampuni za umeme zina bei maalumu kwa wenye magari ya umeme. Yangu inaanza saa tano na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, chini ya peni 9 kwa yuniti, wakati mchana ni kama mara tatu ya hapo. Saa sita mara 7.4 ni yuniti 44, karibu betri nzima, kwa chini ya pauni nne. Gari naliambia lianze lenyewe saa hizo. Mashine ya kufulia nayo imehamia usiku, jirani anisamehe.

Sasa njoo barabarani, kwenye zile chaja kubwa. Tatizo ni namba iliyoandikwa kwenye chaja. Maegesho ya supamaketi kuna nguzo zimeandikwa 22. Gari langu linachukua 7.4 pale pale, kwa sababu umeme wa nguzo hizo ni wa AC, ule ule wa soketi za nyumbani, na kuugeuza uwe DC, aina pekee inayoingia kwenye betri, ni kazi ya kifaa kilicho ndani ya gari. Kifaa changu kina kikomo chake. Kununua mboga kwa nusu saa kunaniongezea yuniti tatu na kitu. Zile kabati kubwa za barabara kuu zinageuza umeme zenyewe na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri, ndiyo maana zina kasi. Lakini napo gari ndilo linalosema linataka kiasi gani. Kikomo cha e-208 ni kilowati 100, na Peugeot wanasema dakika 30 hadi asilimia 80. Inawezekana, mambo yote yakikubali.

Mfano halisi. Januari tulikuwa tunarudi kutoka harusini Barking, London mashariki, usiku, mvua ya baridi, watoto wamelala nyuma na sahani ya pilau imefunikwa foili miguuni kwa mke wangu. Tuliingia kituo cha huduma kwenye barabara kuu ya M1 tukiwa na asilimia 14. Chaja imeandikwa 350. Nikachomeka, skrini ikaanza na kilowati 58, ikapanda kidogo, ikatulia. Ilipofika asilimia 50 ikashuka, 70 ikashuka tena, na kufika 80 ilikuwa inatoa 27 tu. Upande wa pili aliingia dada mmoja na Kia EV6. Alitukuta, akatuacha. Gari lile mfumo wake ni wa volti 800, na kwa chaja ya namna hiyo hutoka asilimia 10 hadi 80 ndani ya dakika 18. Chaja zetu zilikuwa sawa kabisa, mtengenezaji mmoja, ukubwa mmoja.

Kushuka huko si ubovu. Betri inajaa kama daladala: likiwa tupu watu wanaingia wakikaa tu, likikaribia kujaa kila abiria mpya anahangaika kutafuta pa kukanyaga, na konda hata apige kelele vipi haisaidii. Ukilazimisha, betri inaumia, kwa hiyo gari lenyewe linapunguza. Baridi nayo inafanya betri ikatae kupokea kwa kasi, hasa kama gari limelala nje na umelipeleka kwenye chaja bila kuliendesha kwanza. Kwa hiyo mtindo wangu wa safari ndefu ni kuchaji nikiwa chini ya asilimia 20 na kuondoka kwenye 75 au 80. Kusubiri mia kwenye chaja ya haraka ni kupoteza muda, na wengine nyuma yako wanangoja. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na hizo nyingine zote.

Na bei ya pale inauma. Peni 79 kwa yuniti ni jambo la kawaida kwenye barabara kuu, na ndani yake kuna VAT ya asilimia 20 wakati umeme wa nyumbani unatozwa asilimia 5. Ule umeme wa pauni nne nyumbani, pale unazidi pauni 30. Ndiyo maana nasema asiye na pa kuegesha asikimbilie. Mitaa mingi ya hapa ni nyumba zilizoshikana, mlango unafungukia barabarani. Huwezi kuvusha waya juu ya njia ya waenda kwa miguu bila ruhusa ya halmashauri. Mtu wa hali hiyo anayetegemea chaja za umma tu, kwa maili, anaweza kulipa zaidi ya mwenye petroli.

Umbali: kiangazi, mjini, napata maili 190 hadi 200. Januari kwenye M1 kwa mwendo wa maili 70 kwa saa na hita inafanya kazi, nahesabu 130 na sivuki hapo. Leicester hadi London mashariki ni zaidi kidogo ya maili 100, kwa hiyo kwenda nafika, kurudi nasimama. Asubuhi za baridi nawasha hita kwa simu gari likiwa bado limechomekwa, ili joto litokane na umeme wa nyumba na si wa betri. Gari lenyewe ni tulivu, jepesi kuegesha, linachomoka vizuri kwenye taa. Nyuma ni padogo. Watu wazima watatu watalalamika kabla ya kutoka Leicester. Usukani ni mdogo na umekaa chini, watu wafupi huupenda. Baba yangu, aliyeendesha 504 miaka ile, hakuamini kuwa kampuni iliyoshinda Safari Rally 1975 ndiyo imetengeneza kitu kisichonguruma.

Kuhusu mkataba wenyewe. Gari si lako na halitakuwa lako. Mkataba wa aina hii hauna kipengele cha kulinunua mwishoni. Unalipa matumizi, unarudisha. Bima kubwa ni juu yako. Kodi ya barabara inakuwa ndani ya malipo, lakini soma maandishi madogo: magari ya umeme yalikuwa hayalipi, yakaanza kulipa Aprili 2025, na kampuni iliyonikodisha ikanihamishia gharama hiyo kwa barua ya aya mbili. Mkataba uliwaruhusu. Maili nazo zikizidi, kwangu ni peni 9 kila maili, kwa hiyo mwenye ndugu Glasgow na London ahesabu safari zake zote kabla hajachagua 5,000 kwa sababu ni nafuu. Kuvunja mkataba katikati ni ghali. Wengine hudai nusu ya malipo yaliyobaki.

Wakati wa kurudisha kuna mwongozo wa chama cha wakodishaji, BVRLA, unaoeleza uchakavu upi ni wa kawaida. Mkwaruzo wa hadi milimita 25 unavumilika, rimu iliyokwaruzwa hadi milimita 50 nayo inavumilika. Rimu za mbele upande wa kushoto ndizo zinazokutana na kingo za barabara, kwa hiyo nazipima kwa rula mapema. Nyaya za kuchajia nazo hurudi na gari, zote. Ukiuacha waya wa soketi kwa shemeji, utatozwa.

Wauguzi wengi wetu huku hupata gari kupitia kukatwa mshahara kabla ya kodi, na kwa gari la umeme unafuu ni mkubwa. Kodi ya manufaa yake hupigwa kwenye sehemu ndogo tu ya bei ya gari: sehemu hiyo ilikuwa asilimia 3 kwa mwaka 2025/26, na inapanda kila mwaka. Dada mmoja tunayesali naye analipa kidogo kuliko mimi na bima imo humo humo. Ila aliyeajiriwa NHS, huduma ya afya ya serikali, akumbuke kwamba mshahara unaohesabiwa kwa pensheni nao unashuka. Aombe hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kusaini.

Mkataba wangu ukiisha nitachukua tena la umeme, tena la kukodi, maana betri hizi zinaboreka haraka na sitaki kubaki na ya zamani mikononi. Safari hii natafuta lenye yuniti 60 hivi, na kabla ya kuuliza bei nitaomba waniambie linachukua dakika ngapi toka asilimia 10 hadi 80. Mwenye nyumba ameshaniuliza kama chaja nitaing'oa. Nimemwambia ibaki, ila tuzungumze kwanza habari ya kodi ya pango.