Gutai au Mono-ha: uanzie wapi?

Anayeanza kuifuatilia sanaa ya majaribio ya Japani ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia hukutana na swali hili mapema: aanze na kundi la Gutai au na vuguvugu la Mono-ha?

Kwa nguvu ya mwili, Gutai haina mpinzani. Jirō Yoshihara alilianzisha kundi hilo mwaka 1954. Mwaka uliofuata Kazuo Shiraga aligaagaa kwenye tope, naye Saburō Murakami akajirusha kwenye karatasi hadi akazipasua. Mwaka 1956 Atsuko Tanaka alivaa vazi la taa za umeme za rangi. Hilo bado linanisisimua kuliko yote.

Mono-ha waliviacha vitu vyenyewe viseme: jiwe, kioo, chuma. Mwaka 1968, huko Kobe, Nobuo Sekine na wenzake walichimba shimo la kina cha mita 2.7, kisha udongo uleule wakausimamisha kando yake kama mnara wa duara. Mono-ha hushinda kwa utulivu huo.

Kudumu? Shimo lilifukiwa, na tope halikubaki. Ila Gutai waliacha michoro mingi, ikiwemo ile ambayo Shiraga aliichora kwa miguu huku akining'inia kwenye kamba.

Ukipenda rangi na purukushani, anza na Gutai. Ukiweza kukaa kimya dakika 10 mbele ya jiwe la Lee Ufan, msanii wa Mono-ha, nenda Mono-ha.