Ofisi ya mawakili wa fidia mjini Mombasa: hodari katika sheria, nzito katika hesabu ya ada

Ofisi ninayoitathmini iko katikati ya jiji la Mombasa na kazi yake kubwa ni madai ya ajali za barabarani. Ndiyo iliyosimamia madai ya familia ya dada yangu baada ya mumewe, fundi mwashi wa miaka 34, kugongwa na lori katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi akiwa abiria wa bodaboda. Siitaji kwa jina kwa sababu watoto wa marehemu wangali wadogo na faili lao halijafungwa, lakini mambo niliyoyapima humo ndiyo ambayo mtu yeyote nchini Kenya anapaswa kuyapima kabla ya kumkabidhi wakili madai ya kifo. Hukumu yangu ni kwamba wakili alistahili kila sifa katika sheria na ushahidi, ilhali ofisi yake ilituangusha mara mbili pale fedha zilipoanza kutajwa.

Nianze na sifa, kwa kuwa ndizo zilizookoa haki ya mtoto mmoja. Siku ya kwanza wakili mwenyewe, wala si karani, alitueleza kwamba kifo kilichosababishwa na uzembe wa mtu mwingine huzaa madai ya aina mbili yanayofunguliwa katika kesi moja. Ya kwanza yako chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, nayo ni ya wategemezi: mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu, ambao wamepoteza riziki waliyokuwa wakiipata kutoka kwake. Ya pili yako chini ya sheria nyingine, Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Law Reform Act), Sura ya 26, ambayo huruhusu madai ambayo marehemu mwenyewe angeweza kuyadai yaendelee kwa niaba ya mirathi yake, kama vile maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho na kufupishwa kwa maisha yake. Ndugu wa marehemu hawamo katika orodha ya wategemezi. Kaka zake wawili waliokuwa wamekuja nasi hawakufurahi kulisikia hilo, hasa kwa kuwa wao ndio walioubeba mzigo wa mazishi, lakini wakili hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaambia wazi kwamba gharama za mazishi zinaweza kudaiwa na kwamba risiti walizonazo zitasaidia, ila fidia ya utegemezi si yao.

Kisha akauliza kama marehemu alikuwa na mtoto mwingine. Kimya kilichofuata kilimtosha kuelewa. Shemeji yetu alikuwa na binti aliyezaliwa kabla ya ndoa, anayelelewa na nyanya yake huko Kilifi, na baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kubaliana kwamba suala hilo lisiguswe. Wakili alieleza kwamba sheria haimbagui mtoto kwa kuwa wazazi wake hawakuoana, na kwamba kwa kuwa kesi ya wategemezi hufunguliwa mara moja tu kwa kifo kimoja, mtoto anayeachwa nje hana kesi ya pili ya kukimbilia. Alikataa kuandaa hati za madai mpaka jina la binti huyo na la mama mzazi wa marehemu yawemo. Nimesikia ofisi ambazo huandika majina ya wale waliofika mezani tu, na hapo ndipo ugomvi wa miaka unapoanzia.

Makaratasi yalishughulikiwa vyema na sina mengi ya kusema juu yake. Tulipewa orodha iliyoandikwa: cheti cha kifo, hati ya polisi ya ajali ambayo kila mtu huiita abstrakti, ripoti ya upasuaji wa maiti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu inayothibitisha jamaa wa marehemu. Kwa barua hiyo ofisi ilimwombea dada hati ya usimamizi wa mirathi yenye mipaka, ile inayotolewa kwa ajili ya kufungua kesi tu, kisha ikatafuta kumbukumbu za umiliki wa lori na kuipelekea kampuni ya bima notisi ya kesi. Notisi hiyo isidharauliwe, kwa maana bila hiyo kampuni ya bima hupata mlango wa kukwepa kulipa hukumu, na familia hubaki ikimkimbiza mwenye lori.

Jambo jingine walilotufafanulia mapema ni kwamba kesi ya trafiki dhidi ya dereva na madai ya fidia ni njia mbili tofauti. Sisi tulidhani lazima tungoje dereva ahukumiwe. Kumbe muda wa kudai ni miaka 3, na hauhesabiwi tangu hukumu ya dereva bali tangu kifo, kwa hiyo anayesubiri mahakama ya trafiki imalize anaweza kuamka haki yake imekwisha lala. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo hutumika kama ushahidi katika madai, lakini kukosekana kwake hakuyazuii.

Sehemu ya hesabu ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ningependa kila mjane aielewe kabla hajatia sahihi mahali popote. Mahakama huanza na kipato cha marehemu kwa mwezi, hukizidisha kwa 12, halafu kwa idadi ya miaka ambayo inakadiria angeendelea kuitunza familia yake, kisha hutoa fungu ambalo angelitumia mwenyewe. Kwa mtu mwenye mke na watoto, fungu la familia kwa kawaida huwa theluthi mbili. Shemeji alikuwa akipata takriban KSh 20,000 kwa mwezi. Wakili alipendekeza miaka 20, na hesabu ikawa KSh 3,200,000. Hapo hujaongeza fidia ya kufupishwa kwa maisha, ambayo mahakama nyingi huikadiria kuwa KSh 100,000 hivi, wala fedha za maumivu na mazishi, ingawa wakili alitutahadharisha kwamba mahakama huangalia watu wale wale wasinufaike mara mbili kwa kifo kimoja chini ya sheria zote mbili.

Tatizo la fundi wa mtaani ni kuthibitisha hizo 20,000, kwa kuwa hana hati ya mshahara. Kampuni za bima hupenda kukimbilia kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali. Wakili wetu alijibu kwa kumleta mkandarasi aliyekuwa akimpa kazi na kuwasilisha taarifa za M-Pesa za marehemu, akijiegemeza kwenye uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2005 uliosema kwamba nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwani Wakenya wengi huishi kwa kazi zao bila kuweka kumbukumbu zozote. Bima ilipodai kwamba marehemu achukue sehemu ya lawama kwa kutovaa kofia ngumu, aliifungua ripoti ya upasuaji na kuonyesha kwamba kilichomuua ni majeraha ya kifua. Hoja hiyo haikurudi tena.

Sasa upungufu. Toleo la kwanza la bima, yaani kiasi walichojitolea kulipa ili kesi iishe, lilikuwa KSh 1,350,000. Lilitokana na kipato cha 15,000, miaka 15 na fungu la nusu badala ya theluthi mbili, yaani waliparura kidogo kidogo kila mahali mpaka jumla ikapungua kwa zaidi ya nusu. Kutolewa kwa toleo dogo si kosa la ofisi. Kosa ni kwamba karani alimpigia dada simu aje kutia sahihi hati ya kukubali malipo, akimwambia kuwa kesi zinachelewa na kwamba pesa iliyo mkononi ni bora. Hakumwonyesha hesabu, wala hakumweleza kwamba sahihi hiyo ingefunga madai ya watoto wote. Tulipomfuata wakili alishtuka na akalikataa toleo siku hiyo hiyo, lakini ofisi inayomwachia karani kazi ya kumshawishi mjane imeacha pengo kubwa.

Upungufu wa pili ni ada. Karani huyo huyo alikuwa ametuambia mwanzoni kwamba hatutalipa chochote tukishindwa, na tukishinda ofisi itachukua asilimia 30. Maneno hayo ni matamu kwa mtu aliyetoka kuzika, ila Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, haiyatambui makubaliano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Tulipoomba yaandikwe, hakuna aliyekubali kuyaandika. Baada ya kusisitiza, wakili alitupa barua ya kueleza ada kwa mujibu wa viwango vilivyowekwa kwa mawakili, pamoja na gharama za kufungua kesi na za kutafuta nyaraka. Ilipaswa itolewe siku ya kwanza. Anayekumbana na kauli kama hiyo na ofisi ikakataa kusahihisha anaweza kuipeleka Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Sisi hatukuhitaji kufika huko.

Mwishowe yalifikiwa maafikiano ya KSh 2,600,000 pamoja na gharama za kesi, yakaandikwa mahakamani kama amri. Nilitaka twende mpaka hukumu, na nilisema hivyo. Jibu la wakili lilikuwa la haki: wajibu wa kampuni ya bima kwa dai la mtu mmoja una kikomo cha KSh 3,000,000 kisheria, kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari binafsi, na mwenye lori letu hakuwa na mali iliyojulikana zaidi ya lori lenyewe lililoharibika. Dada aliamua, akijua anachokiacha.

Mgawo uliwekwa katika amri hiyo hiyo: fungu la mjane, fungu dogo la mama mzazi, na mafungu ya watoto watatu, binti wa Kilifi akiwemo, yaliyowekwa katika akaunti ya benki yenye faida hadi kila mmoja atakapofikisha miaka 18. Fedha zilipitia akaunti ya wateja ya ofisi na zikatoka bila kuzungushwa, zikifuatana na taarifa ya maandishi ya kila shilingi iliyokatwa. Kilichobaki ni gharama za kesi ambazo bima bado inabishania kiasi chake. Ningewapendekeza kwa familia yenye mtu mmoja wa kuuliza maswali na kudai barua ya ada kabla ya kutia sahihi. Kwa mjane atakayekwenda peke yake, ningemshauri asizungumze na yeyote pale isipokuwa wakili mwenyewe.