Fuata ndege, usifuate saa: uzoefu wangu na Flightradar24, mimi dereva wa kupokea wageni eapoti ya Dar

Habari wadau. Kazi yangu ni kupokea wageni pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, nakaa Mbagala, gari Noah, na leo nataka niiongelee hii aplikesheni ya Flightradar24, ile inayoonyesha kwenye ramani ya simu ndege iko wapi, maana kila siku madereva wenzangu na hata watu waliokuja kumpokea ndugu yao wananiuliza hivi wewe unajuaje ndege imefika wapi.

Nianze na nilivyokuwa nateseka. Zamani nilikuwa nafuata saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya mgeni, basi. Akisema anatua saa nane usiku mimi saa saba nimeshafika. Kuna siku nimesimama Teminali 3 na kibao changu chenye jina la mgeni, kwenye skrini imeandikwa dilei, haisemi kwanini wala mpaka saa ngapi, nikasema si ajabu nusu saa tu, ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, nikashindwa kuondoka maana nikiondoka tu ndio atatoka, jua likachomoza niko pale pale, mgeni katoka karibu saa mbili asubuhi amechoka hoi na mimi nimechoka hoi, pakingi inahesabu, na nilikuwa na mteja mwingine wa kumpeleka boti ya Zanzibar ya saa moja asubuhi, huyo nikampoteza mpaka leo hajawahi kunipigia tena. Niliumia sana. Kaka mmoja wa kijiweni ndio akachukua simu yangu akapakua Flightradar24, akaniambia dogo wewe unafuata saa, fuata ndege.

Hii kitu walianzisha Waswidi wawili wapenzi wa ndege mwaka 2006, ilipofika 2009 wakaruhusu mtu yeyote mwenye kipokezi cha redio za ndege nyumbani kwake awatumie data. Wengi tunadhani wanaangalia kwa satelaiti, sivyo hasa. Ndege yenyewe inajua iko wapi kwa GPS halafu inajitangaza kwa redio kwenye masafa ya 1090 MHz, wenyewe wanaita ADS-B, mtu mwenye antena juu ya paa anaidaka na kuirusha kwenye mtandao, na wewe huku Mbagala unaiona kandege ka njano kanatambaa kwenye ramani.

Sasa sehemu ambayo imeniokoa sio hiyo ya kuangalia ndege ya mgeni ikiwa angani, hiyo kila mtu anaiona. Ni kuangalia ndege yenyewe ILIKOTOKA kabla haijambeba mgeni wako. Ukibonyeza namba ya safari inakuonyesha usajili wa ndege, zile za kwetu zinaanza na 5H, ukibonyeza usajili unaona imeshinda wapi siku nzima. Mfano mgeni wako anatoka Mwanza jioni, tiketi inasema vizuri kabisa, hakuna meseji yoyote ya dilei, lakini ukiangalia ndege inayotakiwa kwenda kumchukua bado iko Dar imekaa chini. Hapo huhitaji kuambiwa na mtu. Ndege moja kwa siku inapiga ruti nyingi kama daladala, asubuhi ikichelewa dakika arobaini ruti ya kwanza, ya pili inachelewa, ya tatu inachelewa, mpaka jioni zimeshakuwa masaa, kwasababu ratiba imebana, kila kiwanja ni kushusha, kusafisha, kujaza mafuta, kupakia, kuondoka. Na ikizidi sana kuna kitu kingine sikukijua kabla, rubani na wahudumu wana masaa yao ya kazi kisheria, yakiisha yameisha, hata kama abiria wote wamekaa na mikanda wamefunga lazima waje wengine. Kwahiyo mimi siku hizi mgeni wa jioni nafungua ndege yake saa sita mchana, nikikuta mambo yameharibika mapema namuuliza mteja mwingine kama naweza kumchukua hapo katikati.

Siku niliyoamini hasa ni April 2024, ile mvua ya Dubai. Tarehe 16 mvua kubwa haijawahi kunyesha tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949, kiwanja kikajaa maji, ndege zinaonekana zinaogelea. Nilikuwa na familia inatoka Ulaya inapitia Dubai. Kwenye ramani niliona ndege zinazunguka zunguka pale juu kama nyuki, nyingine zinageuka zinaenda viwanja vingine, na ndani ya siku mbili safari zaidi ya 1,000 zikafutwa. Mimi nikajua mvua ikikata kesho yake wageni wangu watakuja. Mvua ikakata, jua likawaka, wageni hawajaja. Siku ya pili hawajaja. Hapo ndio nilipoelewa foleni ya ndege ni kitu gani, kwamba maji kukauka ni sehemu ndogo, ndege zimetawanyika viwanja ambavyo sio vyake, marubani wako mahotelini miji mingine, abiria wa siku tatu wamerundikana wanataka viti ambavyo tayari vina watu wa leo, na kiwanja chenye ndege dakika kwa dakika hakina nafasi tupu ya kufidia. Ni kama foleni ya Mbagala Rangi Tatu, ajali imeondolewa saa mbili lakini magari yamesimama mpaka saa nne. Niliwaambia ile familia ukweli kwa WhatsApp, msiwe na haraka ya kunilipa dilei, mkipanda nijulisheni namba ya ndege tu, nitawakuta. Na niliwakuta.

Kitu kingine ni zile duara. Unaona ndege imefika kabisa juu ya Dar halafu inaanza kupiga mizunguko ya yai, moja, mbili, tatu, na wanaosubiri wanapata presha wakidhani kuna tatizo. Nilibahatika kumpakia mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuongoza ndege, akanieleza tukiwa kwenye foleni ya Tazara. Anasema pale ndege zinasubiri zamu, zinapangwa kama ghorofa, futi 1,000 kati ya moja na nyingine, ya chini ikiruhusiwa kutua zote zinashuka ngazi moja. Akasema Dar ranwei, yaani barabara ya kurukia na kutua, inayotumika na ndege kubwa ni moja, kuna nyingine ndogo ya mita 1,000 lakini hiyo ndege kubwa haiwezi, na Nairobi JKIA nao wana moja tu, kwahiyo mvua ya masika ikishuka kwa nguvu dakika ishirini rubani haoni chini, zote zinangoja. Halafu huwezi kuzibananisha, ndege kubwa inaacha upepo nyuma unaozunguka, ndogo ikifuata karibu inaweza kupinduliwa. Hiyo nilielewa haraka, ukipishana na lori kubwa barabara ya Morogoro ukiwa na gari dogo unajua linavyoyumba. Tangu siku ile nikiona mgeni anawalaumu watu wa mnara namweleza taratibu, wale kazi yao ya kwanza ni zisigongane, kuwahi ni ya pili.

Na upepo nao. Ndege inatua ikiangalia upepo unakotoka, kwahiyo kipindi cha kaskazi ikitoka Uarabuni au Ulaya inaipita Dar kwanza, inazunguka upande wa bara, ndio inarudi kutua. Ukiiona imepita usishtuke, ongeza dakika kama kumi.

Tahadhari zangu kwa anayeanza. Kwanza, angalia IMETUA WAPI. Ndege nyingine za Ulaya zinapitia Kilimanjaro au Zanzibar kabla ya kuja Dar, na namba ya safari ni ile ile. Nilishawahi kuona imetua nikakimbiza gari mpaka eapoti, kumbe imetua Kilimanjaro, bado kushusha, kupakia, na kuruka karibu saa nzima. Kosa lilikuwa la macho yangu, ilikuwa imeandikwa. Pili, mahali hakuna vipokezi karibu, hasa baharini, ndege inapotea au inachorwa kwa kukadiria tu, haimaanishi imeanguka, tafadhali msipigie watu simu za kuwatisha. Tatu, vindege vidogo vya Mafia na mbugani usitegemee kuviona vyote. Nne, kutua sio kutoka nje. Uhamiaji, visa, mabegi, mimi naweka saa moja kwa mgeni wa nje na nusu saa kwa wa ndani, na mpaka sasa hesabu hiyo haijaniangusha sana.

Halafu ile saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo yetu iko mbele yake masaa matatu, inawachanganya sana wenzangu. Ukikuta muda umeandikwa kwa UTC usihangaike kuongeza tatu halafu tena kugeuza kwenye saa zetu za Kiswahili. Toa tatu moja kwa moja. Imeandikwa 11:30, toa tatu, ni saa nane na nusu mchana. Imeandikwa 05:00, saa mbili asubuhi. Ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili, 20:00 inakuwa kumi na saba, inabaki saa tano usiku. Hii niliigundua mwenyewe nimekaa kwenye gari na tangu hapo sijakosea.

Kuhusu kulipia, kuna ya bure na kuna za kulipia. Mimi niko kwenye ya bure miaka yote, matangazo yapo na unavumilia, historia ya ndege ya siku saba inanitosha. Wanaopenda ndege kwa undani wanalipia, dereva haina haja. FlightAware ya Wamarekani nayo ninayo, ile kazi ya kujua ndege inatokea wapi wanaionyesha kwa urahisi zaidi, lakini ramani naipenda ya hawa Waswidi. Bando inakula ukiacha ramani wazi, angalia halafu funga.

Juzi juzi nilikaa na mzee mmoja pale nje, kanzu nyeupe, anamsubiri binti yake anatoka Muscat, miaka minne hajamuona. Skrini inasema dilei, mzee tasbihi haikai mkononi, kila mtu akitoka mlangoni anasimama. Nikamwambia shikamoo mzee, nipe namba ya ndege. Nikamfungulia, iko baharini karibu na Malindi, inashuka kusini. Nikamwambia huyu hapa binti yako. Akaichukua simu kwa mikono miwili akaiweka magotini, hakuongea tena, ikapita Mombasa, ikapita Tanga, chaji yangu imebaki asilimia tisa na nilikuwa naihitaji, nikamwachia mpaka ikatua.