Programu ya kuchorea anga la kinjozi: ipi ununue, ipi uiache

Anga la kinjozi, lile ambalo jahazi husafiri juu ya mawingu, nyangumi huogelea kando ya mwezi na machweo huwa na zambarau ambayo hakuna aliyepata kuiona ufukweni, hudhaniwa kuwa mchoro mwepesi kwa sababu halina nyumba wala sura za watu. Kwa uzoefu wangu, linaipima programu kuliko michoro mingi. Sehemu kubwa ya picha ni rangi inayobadilika polepole kutoka utosini mwa anga hadi upeo wa macho, na mawingu yenyewe hayana mstari wa nje: upande unaopigwa na jua huwa na ukingo mkali, ilhali upande wa kivulini huyeyukia ndani ya anga. Kwa hiyo, katika kuzipanga programu hizi sikuhesabu wingi wa brashi, ambao ndio hutangazwa zaidi. Nimetazama jinsi programu inavyochanganya rangi, idadi ya leya, yaani matabaka ya picha, ambazo kifaa cha kawaida kinaweza kubeba, na gharama ambayo mnunuzi ataendelea kuilipa baada ya siku ya kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa Krita. Ni programu huria ambayo mradi wake ulianza mwaka 1999, na hupatikana bure kwenye tovuti yake kwa kompyuta za Windows, macOS na Linux. Anayeilipia kwenye duka kama Steam anachangia maendeleo yake, lakini programu ni ile ile. Sababu yangu kubwa ya kuiweka mbele ni rangi. Picha ya kawaida ya biti 8, biti zikiwa kipimo cha data inayohifadhi rangi, ina viwango 256 tu kwa kila mkondo wa rangi, yaani nyekundu, kijani na samawati, na unapotandaza samawati moja ikififia taratibu kwenye kanvasi pana, viwango hivyo havitoshi, hivyo anga hujitokeza likiwa na mapindo kama ngazi badala ya kuwa laini. Krita hukuruhusu kuchagua biti 16 unapofungua faili mpya, viwango vikapanda hadi 65,536 na ngazi zile zikatoweka machoni. Brashi zake za kuvuruga rangi mbichi hufanya kazi kama kidole juu ya chaki: unaweka nyeupe, unaivuta kuelekea kivulini, na wingu linapata tumbo lake bila kupoteza kichwa chake. Dosari yake ni uzito. Biti 16 huchukua kumbukumbu mara mbili ya biti 8, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 itachelewa brashi kubwa inapopita juu ya kanvasi ya A3, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961. Mwenye kompyuta ya namna hiyo aanze na A4, na aunganishe leya za mawingu ya mbali mara anaporidhika nazo.

Procreate inafuata kwa karibu, na kwa mtu ambaye tayari ana iPad ningeiweka ya kwanza. Ilitoka mwaka 2011, inatengenezwa Tasmania nchini Australia, na hununuliwa mara moja tu bila ada ya mwezi. Mkono huizoea haraka: unafunga leya ya wingu ili rangi isitoke nje ya umbo lake, unapaka waridi la machweo kwenye sehemu yake ya chini, kisha unalainisha kwa zana ya kuvuruga, yote bila kutafuta menyu. Hata hivyo, idadi ya leya hutegemea kumbukumbu ya iPad yako na ukubwa wa kanvasi, na programu huionyesha idadi hiyo pale unapotengeneza kanvasi, kwa hiyo isome kabla hujaanza. Jambo la pili ni kalamu, nalo limewagharimu wengi. Apple Pencil ya USB-C, iliyotolewa mwaka 2023 na yenye bei nafuu kuliko Apple Pencil Pro, haihisi mgandamizo wa mkono. Wingu huchorwa kwa kukandamiza na kulegeza. Kalamu isiyotambua tofauti hiyo itakunyima nusu ya kile ulichokilipia. Hakikisha pia kwamba kalamu unayoichagua inaendana na toleo la iPad ulilonalo, kwa kuwa si zote zinazopokeana.

Kwa mwenye simu ya Android pekee, ibisPaint ndiyo chaguo langu la tatu. Ni ya bure yenye matangazo, na leya pamoja na njia zake za kuchanganya rangi zinatosha kabisa kuangaza mwezi au kutia ukungu kwenye upeo. Kidole hakibadilishi unene wa mstari kwa mgandamizo, lakini anga linaweza kuvumilia hilo kuliko sura ya mtu. Adobe Fresco, ambayo imekuwa bure tangu mwaka 2024, ina rangi ya maji inayosambaa kama kwenye karatasi iliyoloweshwa. Ningeipandisha juu zaidi kama ingepatikana kwenye Android.

Clip Studio Paint ni programu bora ambayo simshauri mchoraji wa anga ainunue. Nguvu yake iko kwenye katuni, mistari na viputo vya maneno ya wahusika, na kwenye tableti hulipiwa kwa usajili. Photoshop naiweka mwisho kwa sababu ya ada isiyokoma: ukiacha kulipa, unapoteza uwezo wa kuendelea na kazi yako ndani yake. Aliyenayo kazini aitumie kwa moyo mweupe.

Limebaki suala la uchapishaji, ambalo mnunuzi hulikumbuka akiwa amechelewa. Niliwahi kuchora usiku wa zambarau kwa ajili ya bango, na karatasini ukatoka kijivu kama majivu ya mkaa, kwa sababu kioo hutoa rangi kwa nuru na mashine hutumia wino, ambao haufikii samawati na zambarau kali kama zile. Krita, Procreate na Photoshop zote hukuruhusu kufanya kazi kwa CMYK, mfumo wa rangi za wino. Katika Procreate uchague mfumo huo unapotengeneza kanvasi, kabla ya mstari wa kwanza. Kama picha itauzwa ikiwa imechapishwa, omba nakala moja ndogo ya A5 na uitazame mchana, nje, kabla hujalipia saizi kubwa.