Kisomaji cha OBD2 mbele ya moshi na kiyoyozi

Kifaa ninachokitathmini ni kile kisomaji kidogo cha misimbo ya hitilafu, kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2 (mfumo wa gari wa kujikagua hitilafu) chini ya dashibodi na kupeleka taarifa kwenye simu kwa Bluetooth. Wauzaji hukinadi kana kwamba hakuna ugonjwa wa gari kisioutambua. Nimekitumia kwa mfumo wa moshi na kwa kiyoyozi, na tofauti ya matokeo ni kubwa.

Kwenye moshi kinastahili sifa. Taa ya injini inapowaka, mara nyingi msimbo unaosomeka ni P0420, yaani masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la moshi, hayafanyi kazi ipasavyo, na wengi hukimbilia kununua masega mapya papo hapo. Thamani ya kifaa, kwa maoni yangu, imo kwenye grafu zake kuliko kwenye misimbo. Injini ikishapata joto, sensa ya kawaida ya oksijeni iliyo kabla ya masega hupanda na kushuka haraka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, ilhali iliyo baada ya masega inatakiwa kutulia. Ikiwa nayo inarukaruka kama mwenzake, masega ni ya kushukiwa. Lakini gasketi iliyoungua au tundu jirani na sensa huingiza hewa ya nje na kuvuruga vipimo hivyo, na hapo hakuna programu itakayokuonyesha tundu lilipo. Ni lazima mtu aingie chini ya gari, asikilize injini inapowashwa ikiwa baridi, na atafute masizi kwenye maungio.

Kwa kiyoyozi, kifaa hiki karibu ni bubu, kwa sababu OBD2 iliwekwa kwa ajili ya kudhibiti moshi, si ubaridi. Kinachohitajika ni geji mbili za gesi, ya bluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa. Kwa gesi ya R-134a, siku yenye joto la wastani na injini ikinguruma, ya bluu husoma kama psi 25 hadi 45 na nyekundu 150 hadi 250. Zote zikiwa chini, huenda gesi imepungua, na gesi haipungui bila kuvuja; zote zikiwa juu, angalia feni ya kondensa (sehemu inayopoza gesi) au gesi iliyozidishwa; bluu ikipanda huku nyekundu ikishuka, kompresa, yaani pampu ya gesi, imechoka.

Kasoro nyingine ni kitufe cha kufuta misimbo, ambacho kiko wazi mno: kikibonyezwa, taa huzimika na kumbukumbu zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea hupotea, kabla fundi hajazisoma. Tena, harufu ya moshi ikiingia ndani ya gari kupitia matundu ya kiyoyozi, usisubiri msimbo wowote; fungua madirisha na uzime injini, kwani kaboni monoksidi iliyomo haina harufu na huua.