Trei tatu za nyungunyungu jikoni kwangu, baada ya miezi saba

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nililipa shilingi 145,000 kwa mtambo wa kufugia nyungunyungu, wale wanaokula mabaki ya jikoni na kuyageuza mboji, humo humo nyungunyungu nusu kilo na bodaboda mpaka mlangoni, Upanga, ghorofa ya tatu. Kwa hela hiyo unapata trei tatu za plastiki nyeusi zenye matundu, zinazopandana, chini yake beseni lenye koki, juu mfuniko, na miguu minne inayotikisika. Lote linafika gotini. Karatasi ya maelekezo ni Kiingereza kitupu, na muuzaji nilipomuuliza jambo lililoandikwa ukurasa wa pili, ilionekana wazi hajawahi kufika huko.

Kilichonisukuma ni harufu. Gari la taka kwetu hupita Jumatano na Jumamosi, likijisikia. Hatuna uwanja wa kuchimba shimo. Maganda ya ndizi ya Jumamosi jioni mnalala nayo mpaka katikati ya wiki, na mwenye kuijua Februari ya Dar anajua ninachosema. Muuzaji akaniambia, "Dada, hata muwe watu sita, pipa la taka utalisahau." Mimi ni mhasibu. Nikisikia maneno kama hayo natafuta mizani.

Wiki mbili nilipima uchafu wote wa jikoni kabla haujashuka ngazi. Tuko sita, na tunatoa kama kilo mbili kwa siku. Nyungunyungu aliyeshazoea makazi yake, ukimtunza vizuri, hula kiasi cha nusu ya uzito wake kwa siku. Kwa hiyo nusu kilo yangu ya nyungunyungu inamaliza robo kilo, yaani sehemu moja ya nane ya taka zetu. Tena hawali kila kitu: nyama, samaki, vyenye mafuta au chumvi usiwape, na vitunguu, malimao na machungwa hawavipendi. Pipa la taka sijalisahau, na gari nalilipia kama zamani.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha, ingawa sikucheka. Wanapohamia mahali pageni hutaka kutoroka, na dawa yake ni kuwaachia taa inawaka, kwa kuwa mwanga wanaukimbia. Nikawasha ya jikoni, nikalala. Saa nane umeme ukakatika. Alfajiri mama mkwe alikwenda kuchemsha maji ya kutawadha, akarudi chumbani kwetu akabisha hodi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mwanangu, jikoni kwako kuna minyoo." Walikuwa sakafuni, wamejipanga mpaka chini ya jiko la gesi. Niliwazoa kwa kijiko cha wali, na kijiko hicho mpaka leo mama hakigusi.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Kwetu wali ni wa nazi, na machicha nilikuwa nayatupa kila siku, nikaona nimepata pa kuyapeleka. Niliyamwaga mengi kwa pamoja, tabaka nene. Kesho yake nikaingiza mkono, ndani kuna moto kama chini ya kuku anayelalia, na harufu ya mafuta yaliyochina. Nikayatoa yote. Siku hizi nawapa konzi moja kwa wiki, nimeitawanya, na hawalalamiki.

Joto lenyewe la mji ndilo adui mkubwa, na hapa nina ugomvi na muuzaji. Alinipa wale wadogo wekundu wanaosifiwa kila mahali. Wanasifiwa kwa haki, ila wanapenda nyuzi 15 mpaka 25, na jikoni kwangu mchana zinafika 31. Mwezi wa kwanza walikuwa wazima, wa pili wakaanza kupungua, na siku moja nikafunua mfuniko nikakuta wengi wamelegea juu ya matandiko. Nilipiga simu na kusema nilichosema. Akaniletea wengine bure, hilo nampa: wanene, warefu, wenye mng'ao wa zambarau mgongoni. Asili yao ni Afrika Magharibi, na joto letu wanalimudu. Kwa mtu wa pwani, hao ndio wa kuulizia tangu mwanzo. Kasoro yao ni kupenda kutembea kuliko wale wekundu, hivyo mfuniko uwe umekaa sawasawa. Mtambo niliuhamishia kwenye marumaru, kona ya karibu na choo, pasipofikwa na jua.

Kwa matandiko nachana trei za mayai, nazilowesha, nazikamua mpaka linatoka tone moja au mawili. Mabaki ya jikoni nayakata madogo na kuyagandisha kwenye friza kwanza: baridi inaua mayai ya vinzi yanayokuja na maganda ya maembe, na siku za joto barafu hiyo inawapoza. Maganda ya mayai nayatwanga kwenye kinu. Sisimizi nimewazuia kwa ule ujanja wa kabati la sukari, kila mguu ndani ya kopo la maji, na tone la mafuta ya kupikia juu ili mbu wasizalie humo.

Koki inaziba. Muuzaji anayaita yale maji ya chini "mbolea ya dhahabu" na alinishauri niyauze. Yakiwa mengi maana yake umewalisha kupita kiasi au umelowesha mno, basi. Machache yanayotoka nayazimua mara kumi na kumwagia maua.

Ile sifa kwamba wakimaliza chini wanapanda wenyewe trei ya juu ni nusu kweli. Wengine walipanda, wengine hawakuwa na haraka. Mwezi wa tano nilimwaga trei ya chini juu ya gazeti chini ya taa, nikaifanya vichuguu. Wanazama kuukimbia mwanga, wewe unakwangua juu, unasubiri, unakwangua tena. Ilinichukua Jumamosi nzima na vipindi viwili vya redio. Nikapata kilo nne za mboji nyeusi, inanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Nilichanganya konzi mbilimbili kwenye ndoo za mchicha na pilipili kibarazani. Mchicha huo mama mkwe anaula. Hajauliza chochote, nami sijasema.

Sasa, ningenunua tena? Nyungunyungu, ndiyo. Mtambo, hapana. Jirani wa ghorofa ya pili alichukua ndoo mbili za rangi za lita 20, akatoboa moja kwa msumari wa moto, akaipachika ndani ya nyingine, na nyungunyungu wake wanaendelea vizuri kama wangu. Ndoo hazikumgharimu kitu, fundi rangi alimwachia. Kinachokulazimisha kulipa 145,000 ni miguu na koki, na vyote viwili nimeshavisema.

Wameshazaana mno kwa trei tatu. Wa nyumba hii wanaotaka waje na chombo chenye mfuniko.