Uzoefu wangu na Escape ya Journey

Albamu ya Escape, ambayo bendi ya Journey kutoka San Francisco ilitoa mwaka 1981, niliinunua kwa muuzaji wa santuri za zamani katika Soko la Kenyatta hapa Nairobi, aliyeniruhusu kusikiliza pande zote mbili kabla ya kulipa. Ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu, hasa kwa msikilizaji anayetaka kujua jinsi bendi ya roki inavyobadili muziki wake bila kuutelekeza ufundi wake.

Katika albamu zao tatu za kwanza, za 1975 hadi 1977, ala zilitawala: gitaa la Neal Schon na kinanda cha Gregg Rolie, ambao wote wawili walitoka bendi ya Santana, vilipokezana vipande virefu vyenye ladha ya jazi. Steve Perry alipojiunga nao, uimbaji ukashika usukani kuanzia Infinity ya 1978. Hata hivyo, badiliko ninalolisikia zaidi katika Escape limeletwa na Jonathan Cain, aliyetoka The Babys kuchukua nafasi ya Rolie, kwa kuwa piano yake inaujenga wimbo pole pole, nazo ala nyingine zinangoja zamu yake.

Katika "Don't Stop Believin'" piano hutangulia pamoja na besi, Perry anaanza kuimba, gitaa linapenya likikimbia kwa noti za haraka, na kiitikio chenyewe hakisikiki mpaka wimbo unapokaribia kwisha. Katika "Who's Crying Now" Schon anasubiri maneno yaishe ndipo apige solo ndefu, tulivu, isiyo na noti hata moja ya kujionyesha; mimi huirudia mara kwa mara.

"Dead or Alive" una pupa nyingi na tuni yake hainati. Unaofuata, "Mother, Father", ambao Matt Schon, baba yake Neal, ni miongoni mwa watunzi wake, ndio ninaouona bora kuliko zote, kwani humo gitaa zito la zamani na sauti ya juu ya Perry vinakutana bila kimoja kukimeza kingine. Wanunuzi wengi hukimbilia "Open Arms", wimbo wa mwisho uliofika nafasi ya pili katika chati ya Marekani. Ninawasihi waweke sindano wimbo mmoja kabla ya huo.